Pembe Zilizobaki Sumbawanga

Kila anayeingia buchani kwangu hapa Voi huangalia msumari kwanza, nyama baadaye. Msumari wenyewe mliniona nikiupigilia juu ya mizani siku chache kabla sijaondoka, na kwa mdomo wangu huu niliwaambia kwamba nikirudi mtaona pembe za mbogo pale. Nimerudi, na penye msumari pananing'inia gongo la mti lililochakaa kichwani. Mmeniuliza mmoja mmoja nami nimechoka kujibu vipande vipande, ndiyo maana nimeandika. Anayejua kusoma awasomee wengine, na asiyenunua nyama asizibe mlango.

Sababu ya kwenda mnaijua. Sisi tumezaliwa ubavuni mwa mbuga. Ndovu wanapita nyuma ya choo, lakini ukimgusa hata digidigi unalala ndani. Babu zetu waliwinda kwa upinde na sumu. Mimi nimerithi kisu na gogo la kukatia. Nimepasua ng'ombe tangu ujana wangu, ila sikuwahi kuua kitu chenye uwezo wa kunikimbia. Nikasikia kwamba kule Tanzania mambo yamefunguliwa, kila kitu ruksa, na mgeni anaweza kuwinda mradi awe na mtaalamu wa kumwongoza. Roho haikutulia tena. Mambo ya malipo na vibali nayaruka, hayana ladha.

Na tabia yangu pia mnaijua. Sijui kukaa. Hata kanisani nasimama karibu na mlango. Mtu wa namna hiyo si wa kupewa bunduki, lakini hilo hakuna aliyeniambia, na angeniambia nisingemsikiliza.

Tunduma hadi Kaengesa

Njia ya kutoka kwetu kupitia Mbeya naiacha, ni lami na usingizi. Safari yenyewe ilianzia Tunduma, kwenye basi la mtu binafsi lililopakwa rangi mpya mpaka kwenye vioo. Konda alituambia tunaondoka sasa hivi. Aliyasema hayo jua likichomoza, na aliendelea kuyasema kwa moyo ule ule mpaka jua likawa utosini. Wenzangu walikaa kimya na vifurushi vyao mapajani. Mimi nilishuka na kupanda mpaka abiria wa karibu na mlango akaniuliza kama nami ni konda.

Tulipoondoka, vumbi likaingia kwa kila tundu. Tukapanda kwenye nyanda za Ufipa, nchi wazi, nyasi na upepo, mashamba ya matuta ya duara kila upande, na baridi ambayo sikuitegemea Afrika hii. Karibu na Kaengesa basi likakohoa likazima. Dereva akaingia chini yake, miguu ikabaki nje. Akina mama wakatandika kanga wakakaa, mmoja akaanza kuchambua maharage. Mimi nikawa natembea barabarani, huku na huku, nikitazama saa.

"Baba, kaa," akasema yule wa maharage. "Ukitembea hivyo gari halitapona."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha chai. Nikaenda, nikamkuta mama mtu mzima anasuuza vikombe.

"Nipe chai," nikamwambia.

Akaendelea kusuuza. Nikadhani hasikii vizuri, nikapaza sauti. Akainua macho polepole, akanitazama kuanzia viatu.

"Kwenu mtu akifika anaanza na kudai?"

Nikaona haya. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akafuta mikono, na hapo ndipo nilipojua kumbe nilikuwa mlangoni tu. Akaniuliza habari za safari, za nyumbani, za watoto, za wazee, za mvua ya kwetu na za mahindi ya kwetu. Nikawa najibu huku namtazama dereva kwa kona ya jicho, nikiogopa basi litawaka liniache. Mwishowe akanipa chai, na juu yake akaniletea ugali mweusi kama udongo. Nikadhani umeungua, nikamwambia nitalipa lakini sitakula. Alicheka mpaka akashika nguzo. Ulikuwa ugali wa ulezi. Niliula na maharage, nikaongeza, na basi lilipopona nilikuwa bado nalamba vidole, wakawa wananingoja mimi.

Sumbawanga

Kabla sijafika, kila abiria alikuwa amenionya kuhusu uchawi wa mji ule. Mmoja alisema nisimkanyage mtu kivuli. Nilichokiona mimi ni watu wapole kupita kiasi, wakisalimiana barabarani mpaka baiskeli zinasubiri. Maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo, waliniambia, miaka michache nyuma ulivipata kwa kujuana tu: sabuni za kunukia, redio kaseti, mitumba imerundikwa chini juu ya maturubai. Vijana walisimama mbele ya redio moja iliyokuwa ikipiga muziki, wakiitikia "poa mshikaji" kwa kila aliyepita.

Nililala kwenye gesti ya Mama Leokadia, mjane mnene mcheshi ambaye alinipa mablanketi matatu na bado nikatetemeka. Asubuhi akaja mwongoza wawindaji wangu. Anaitwa Oswadi, Mfipa, mfupi, koti zito la kijani limefungwa vifungo vyote. Zamani alikuwa askari wa wanyamapori wa serikali. "Nilikuwa nawakamata mnaowinda," akaniambia, "sasa nawabebea chai." Pamoja naye alikuwa Bakari, dereva na msoma nyayo, Mwislamu wa Kirando kwenye ziwa Tanganyika, mtu wa maneno machache sana.

Nikamwuliza Oswadi tunaondoka lini. Akasema tukimaliza kunywa chai. Nikainywa yangu ikiwa ya moto, nikaungua ulimi. Aliniangalia akanipa sheria moja tu, nami nataka muikumbuke.

"Bwana Mwakio, huku ukimtoa mnyama damu ni wako. Akianguka ni wako, akikimbia ni wako. Hupigi mwingine, hulali, huendi kwenu, mpaka umemmaliza. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nawaza msumari.

Kushuka Muze

Kutoka Sumbawanga unakwenda kidogo kwenye tambarare ya baridi, halafu nchi inakatika. Chini kuna bonde la Rukwa, jeupe kwa joto, na barabara inateremka ukingoni kwa kona ambazo Landrova yetu inalazimika kurudi nyuma ndipo ikunje. Nilivua koti, nikavua sweta, tulipofika chini nikatamani kuvua ngozi.

Muze tulisimama kula. Wali wa pale, jamani, mchele wao wenyewe unaonukia chumba kizima, na samaki wa kuchoma. Oswadi alikuwa ndiyo kwanza amenawa mikono, mara akatokea jamaa mrefu, mweusi tii, shuka begani na fimbo ya kuchungia mkononi. Hakusema hodi. Akaketi kando ya Oswadi, akavuta ile sahani, akala samaki wake wote mbele ya macho yake, akanywa na chai, kisha akajifutia mikono kwenye koti la kijani.

Nikainuka. Nilidhani sasa ni ngumi.

"Msukuma mwizi wewe," Oswadi akasema bila hata kukunja uso. "Ng'ombe wote wale na bado unakula vya watu."

"Chakula cha mtumwa ni cha bwana wake," jamaa akajibu. "Nashukuru umeniwekea."

Aliondoka na kofia ya Oswadi kichwani. Bakari akanivuta shati nikae. "Watani hao," akasema. "Wafipa na Wasukuma. Mtani akichukua chako hukasiriki. Ukikasirika umevunja."

Yule alikuwa Maganga. Wazee wake walihama na ng'ombe kutoka Usukuma, na yeye ana mji wake, nyumba na zizi, yeye na mkewe Kabula, karibu kabisa na mahali tulipokwenda kuweka kambi. Mimi niliona ni upuuzi wa watu wazima. Kwetu mtu akinilia samaki wangu namwita chifu.

Matete

Siku za mwanzo zilikuwa za kutembea na kuvizia na kurudi mikono mitupu. Oswadi alikuwa akichota majivu mfukoni, anayapeperusha kutazama upepo, halafu anageuza tunarudi tulikotoka. Kila nilipouliza sababu aliweka kidole mdomoni. Miguu iliniwasha kwa kukaa. Mbung'o walininyonya. Jioni nilikuwa nikizunguka kambi kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti, Bakari akawa anacheka kimyakimya.

Asubuhi moja tukawapata. Kundi la mbogo limesimama ukingoni mwa matete, pale mto unapotawanyika ukielekea ziwa Rukwa. Dume kubwa lilikuwa nyuma ya majike, pembe zimekutana katikati ya paji kama kofia ya chuma.

"Ngoja," Oswadi akanong'ona. "Ageuke. Ngoja."

Nikangoja. Niliona ninangoja tangu Tunduma. Dume likainua kichwa, nikaogopa litaondoka, nikavuta.

Lilipiga magoti. Nikapiga kelele za furaha, nikaanza kukimbia mbele kama ninavyokimbilia ng'ombe aliyeangushwa machinjioni, maana ng'ombe akishapiga magoti kwangu huwa habari imekwisha. Oswadi alinidaka mkanda akanirudisha kwa nguvu nikakaa chini. Nilipotazama tena dume lilikuwa limesimama. Likageuka taratibu, likaingia ndani ya matete.

Bakari alitafuta pale liliposimama, akaniletea jani lenye damu. Sikuhitaji kuambiwa. Lilinuka utumbo. Naijua harufu ile, ukitoboa tumbo kwa bahati mbaya bucha nzima inajua. Mnyama wa namna hiyo hafi leo, na anakaa na maumivu na hasira mahali penye kivuli na maji.

Na mahali penyewe penye kivuli na maji palikuwa njia ya kisimani. Akina mama wa miji ile wanachota maji pale, ng'ombe wote wananywa pale, hakuna kwingine. Oswadi akakunja uso kwa mara ya kwanza. Akasema lazima jeraha limchoshe kwanza, tuingie baadaye. Sasa hivi kazi ni kuzunguka miji yote kuwaambia watu wasisogee. Tukagawana, Bakari huku, mimi na Oswadi huku. Watu walisikia wakarudisha ndoo. Mpaka tulipokutana na Maganga njiani, ng'ombe wake wamejaa mbele yake, kofia ya Oswadi ingali kichwani.

"Msukuma, rudisha ng'ombe," Oswadi akasema. "Mle mna mbogo mwenye risasi tumboni."

Maganga akacheka kwa sauti. "Ulisema mna simba, nikalala juu ya mti. Ukasema wanakuja kuhesabu ng'ombe, nikawaficha porini mchana kutwa wakakonda. Leo mbogo."

"Leo nasema kweli."

"Na siku zile ulisema kweli."

"Utakufa, Maganga."

"Nikifa mimi, Mfipa, maziwa ya kuiba utapata wapi?"

Mimi nilikuwa nimemshika Oswadi mkono wa koti, namvuta. Nilitaka turudi kwenye mbogo wangu. Niliona wanachezeana tena mchezo wa kule Muze na muda unakwenda. Oswadi naye ulimi wake ulikuwa umezoea njia moja kwa mtu yule, ukaifuata wenyewe. Akasema, "Haya, nenda. Ukifa ng'ombe narithi mimi." Akacheka. Maganga akacheka. Akawapigia ng'ombe mluzi.

Tulikuwa hatujafika mbali. Nilisikia kwanza ng'ombe wakija mbio, halafu mtu akipiga yowe moja tu. Oswadi alikuwa amekwisha kukimbia. Nilipomfikia, dume lilikuwa limeinamisha kichwa juu ya mtu aliyelala kwenye tope, linasukuma. Oswadi alipiga mara ya kwanza, likamgeukia, akapiga mara ya pili. Likaanguka, likatoa mlio mrefu wa huzuni ambao kumbe ndio mlio wenyewe wa kufa, ule ambao asubuhi sikuusikia na sikujua kwamba ningepaswa kuusubiri.

Paja la Maganga lilikuwa limefunguka. Damu ilikuwa inaruka. Na mimi, wenzangu, mwili wa mnyama naujua kwa ndani, na wa binadamu hautofautiani sana pale. Najua mshipa mkubwa unapopita. Nilipiga magoti nikaingiza ngumi yangu kwenye kinena, nikabana kwa uzito wangu wote mpaka ile damu ikaacha kuruka.

"Usiondoe mkono huo," Oswadi akaniambia.

Kupanda

Sasa mtu asiyejua kukaa akakaa. Tulimlaza Maganga nyuma kwenye Landrova, mimi nimepiga magoti juu ya bati, ngumi yangu kwenye kinena chake, na Bakari akashika usukani kuelekea hospitali ya Sumbawanga. Kabula, mkewe, alikuja mbio mpaka kwenye gari. Alitazama, hakulia. Akamwambia mumewe kwa Kisukuma maneno machache, akavua kanga yake ya juu akanipa nimfunikie, akarudi kwa ng'ombe waliokuwa wametawanyika na watoto waliokuwa peke yao.

Kila jiwe la njia ile nalijua. Mkono ulianza kuwaka moto, halafu ukafa ganzi, halafu nikaanza kuogopa kwamba unalegea mimi sijui. Nzi walikuja. Kila kiungo changu kilitaka kusogea nami nikawa nakikataza kimoja kimoja.

Na huku Oswadi, aliyeketi kando yetu, alikuwa anamtukana.

"Msukuma, unachafua gari la watu. Hili gari si zizi."

Maganga akafungua jicho. "Nyinyi... wachawi. Mbogo huyu mmemfuga nyinyi."

"Tungekuwa na mbogo wa kumfuga tungemlisha mtu mwenye nyama. Wewe mifupa mitupu."

Mimi nikapasuka. Nikamwambia hana utu. Nikamwambia mtu anakata roho mikononi mwangu na yeye analeta mchezo ule ule uliomfikisha hapa. Nilimwita maneno ambayo siwezi kuyaandika, kuna watoto wanaokuja kununua nyama. Oswadi akaendelea kumfukuzia mwenzake nzi. Bakari ndiye aliyesema kutoka mbele, bila kugeuka: "Mwache, Mkenya. Wakinyamaza hao, ndipo uogope."

Kwenye kona ya tatu au ya nne, lori la mpunga lilikuwa limekwama, tairi moja linaning'inia bondeni. Hapakuwa na njia. Bakari akashuka, watu wakashuka, wakaanza kupakua magunia ili lori liwe jepesi. Gunia moja, jingine, jingine. Nilimhesabia Maganga pumzi. Sijawahi kuchukia mpunga kiasi kile. Nilipiga kelele waliviringishe bondeni tu, mwenye mpunga akanitazama kama mwendawazimu, kisha akaona mkono wangu ulipo, akaanza kubeba magunia mawili mawili.

Hapo ndipo Maganga aliponyamaza.

"Msukuma," Oswadi akamwita. Kimya. "Mtumwa wangu. Ukifa nitamwoa Kabula, nitamlisha ulezi mpaka asahau maziwa." Kimya. Macho yalikuwa wazi nusu, hayatazami kitu. Nikahisi chini ya ngumi yangu mshipa unapiga kwa mbali, mara upo, mara haupo. Oswadi akamwinamia sikioni. Sauti ilikuwa imebadilika kabisa. "Maganga. Maganga, bwana. Ng'ombe wako nimeshawauza. Wote. Nimewauza leo asubuhi."

Tukasikiliza. Magunia yalikuwa yanaanguka kule nje.

"Bei gani?" Maganga akauliza.

"Hasara," Oswadi akasema. "Hasara tupu. Amka uje unipige."

"Mfipa... mjinga sana wewe."

Oswadi akageukia upande wa nje, akashika chuma cha gari kwa mikono yote miwili, mabega yakamtikisika. Nikaelewa basi. Alikuwa amemshika mwenzake kama mimi nilivyomshika, mimi kwa ngumi, yeye kwa matusi. Niliona aibu kwa yale niliyomwambia, na sikuwa na mkono wa kumpa.

Wodi ya wanaume

Hospitali waliuondoa mkono wangu wao wenyewe, kidole kimoja kimoja, maana ulikuwa haufunguki. Walimshona mpaka usiku. Wakasema ataishi, habari ya mguu tutaona.

Basi langu la kurudi liliondoka bila mimi. Mlipata salamu kwamba nimechelewa, mkadhani nafuata mbogo mwingine. Sikutaka hata kuiona bunduki. Kule wodini mgonjwa analetewa chakula na ndugu zake, na ndugu wa Maganga walikuwa bondeni na ng'ombe. Ile sheria ya chai ya moto ilikuwa inanizunguka kichwani: ukitoa damu ni yako. Nikaenda sokoni, nikachagua mifupa kama anavyochagua mtu wa kazi, Mama Leokadia akanipa jiko lake, nikawa napika supu asubuhi na kupeleka. Muuguzi aliniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikasema mpishi.

Bakari alileta pembe, zimesafishwa, zimefungwa kwenye gunia. Nikazipeleka wodini. Nikamwambia Maganga kwamba ni zake, nampa, ni haki yake kwa yaliyompata.

Akalitazama gunia. "Unanilipa?"

"Hapana, mimi—"

"Mguu wangu una bei ya pembe?" Akageukia ukutani. Supu ya siku ile aliiacha ikaganda.

Nilirudi gesti nikizunguka uani mpaka Mama Leokadia akaniambia nitamaliza sakafu yake. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Umempa mtu kitu cha kufunga habari," akasema. "Sasa yeye habari hataki ifungwe. Chukua gunia lako, kaa nalo, nyamaza." Mnajua mimi kunyamaza ni kazi, lakini nilinyamaza.

Kilichomuumiza Maganga zaidi ya mguu ni kwamba Oswadi hakuja. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza kichwa. "Mfipa yuko wapi?" Nilimtafuta Oswadi nikamkuta kwa fundi baiskeli, amekaa tu. Akaniambia hana mdomo wa kumwendea. "Mdomo huu ndio ulimpeleka kisimani." Nikamwambia na mkono wangu ndio ulikuwa unamvuta koti, twende wote.

Akaja amevaa shati la Jumapili. Akasimama miguuni pa kitanda, kofia nyingine mkononi. "Shikamoo, Bwana Maganga. Pole sana. Nimekuja kukuona, na kukuomba—"

"Nani bwana?" Maganga akauliza, akanitazama mimi. "Mbogo amenishindwa, sasa huyu anataka kuniua kwa heshima?"

Wagonjwa wakainua vichwa. Halafu Oswadi akasogea mezani, akachukua bakuli la supu yangu, akainywa yote mpaka chini, akajifutia mdomo kwa shuka ya mgonjwa.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Nilitoka nje. Nilikuwa na vumbi machoni, na siku ile hapakuwa na upepo.

Stendi

Nilikaa Sumbawanga mpaka wenye maduka wakawa wananiita kwa jina. Maganga alianza na kukaa, akaenda na mikongojo, kisha Oswadi akamchongea gongo zuri la mti mgumu. Waliniambia daktari ameridhika. Mimi sikuridhika, maana kila nilipomwona alikuwa ameegemea gongo lile kwa uzito wake wote, na nilijiambia mtu huyu hatachunga tena. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi chini ya yale mablanketi matatu. Nilitaka nione kwa macho yangu kama mguu utambeba, na sikuthubutu kumwomba aniondolee wasiwasi wangu.

Asubuhi ya kuondoka kwangu walikuja wote stendi. Kabula alikuwa amepanda na lori kutoka Muze kumfuata mumewe. Aliniletea kibuyu cha maziwa mgando, akanipigia goti, nami nikakipokea kwa mikono miwili. Gunia la pembe lilikuwa miguuni pangu. Konda akatangaza kwamba tunaondoka sasa hivi, nami nikacheka peke yangu.

Maganga alisogea, akalitazama gunia. Akainama kwa taabu, akalibeba begani.

"Hizi nachukua," akasema.

Nikafungua mdomo. Oswadi akanikonyeza.

"Mtu aliyenishika paja mchana kutwa mbele za watu," Maganga akaendelea kwa sauti, stendi nzima isikie, "kama si mke wangu basi ni mtani wangu. Na mke ninaye. Kasirika tukuone."

Watu walicheka. Kabula akajifunika uso kwa kanga. Nami nilisimama pale, pembe nilizozifuata tangu Voi ziko begani mwa mtu mwingine, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko siku yoyote ya safari ile. Nilipompa zilikuwa malipo. Alipozipora zikawa udugu. Injini ikawaka. Nikakumbuka maneno ya Bakari kwamba mtani akichukua chako hukasiriki, na nikakumbuka kwamba mchezo huo unakwenda pande mbili.

Nikampokonya gongo nikarukia mlangoni.

"Wewe Mkenya! Mwizi! Gongo langu!"

Basi lilikuwa linaanza kusogea. Nilining'inia mlangoni na gongo juu, nikimwita mtumwa wangu. Maganga akamtupia Oswadi gunia, akaja nyuma yetu. Alichechemea hatua ya kwanza, ya pili akayumba, Kabula akanyoosha mkono kumdaka akaukosa, na hatua zilizofuata zilikuwa za mtu anayemfukuza mwizi. Alikuja hivyo mpaka mwisho wa stendi, akinitukana mimi, ukoo wangu na supu yangu, miguu yake miwili ikipiga vumbi. Konda alinivuta nikakae. Nilikaa kwenye kiti, nimelishika gongo mapajani, na sikusimama tena mpaka Tunduma.